Jina Kinywani, Mzigo Begani: Mantra ya Kihindu katika Njia ya Unyanyembe

Wahenga walisema: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hii twaifundisha mashuleni, na wanafunzi huieleza vyema katika mitihani yao, kwamba mtu tusiyempenda huenda akawa na kitu kitufaacho. Lakini ni mara chache mwalimu humwuliza mwanafunzi: Je, huyo Baniani mwenyewe alikuwa nani? Alitoka wapi, aliamini nini, na alipoamka alfajiri alisema nini na Mola wake? Methali imekihifadhi kiatu na kumwacha mwenyewe. Katika insha hii tumekusudia kukiacha kiatu na kutazama kitu chepesi zaidi, nacho ni maneno machache aliyoyarudiarudia Baniani kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa duka. Maneno hayo huitwa mantra.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na utamaduni wa Taifa. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alitutaka tuzitafute mila bora za makabila yetu na kuzifanya fahari ya nchi. Lakini katika hotuba hiyohiyo alituonya pia tusikatae kujifunza kutokana na tamaduni za watu wengine. Nusu ya kwanza ya agizo hilo tumeishika kwa nguvu. Nusu ya pili tumeilegeza. Yafaa basi tuitazame, hasa sisi wa Unyamwezi, ambao nchi yetu imekuwa njia ya wageni kwa muda mrefu.

Sisi tulizaliwa Lusu, katika wilaya ya Nzega, mkoani Tabora. Tulipokuwa wadogo tulifuatana na bibi kwenda Nzega mjini kununua chumvi, mafuta ya taa na kaniki. Duka tulilolizoea lilikuwa la mzee mmoja Mhindu. Tulipowahi kufika kabla hajafungua, tulimwona kwa upenyo wa mlango, ameketi chini juu ya mkeka mdogo, ubani unafuka mbele ya picha, mkono wa kulia unasogeza shanga moja baada ya nyingine, na midomo inacheza bila sauti kusikika. Bibi alitukataza kubisha hodi. Alisema: "Mngojeni. Mtu akiongea na wakubwa zake hakatizwi."

Watoto wenzetu walikuwa na maelezo mengine. Walisema anahesabu madeni. Mwaka 1983, nchi ilipokuwa katika uhaba mkubwa wa bidhaa na Serikali ilipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, maelezo hayo yalibadilika: ikasemwa kwamba mzee yule anahesabu mali aliyoificha. Wakati huo tulikuwa na umri wa miaka 13, nasi tuliyarudia maneno hayo kwa wakubwa kana kwamba tumeona kwa macho yetu. Siku chache baadaye duka likapekuliwa. Hatudai kwamba ni maneno yetu yaliyoleta upekuzi ule, kwani maduka mengi yalipekuliwa. Twajua tu kwamba hakikupatikana kitu, kwamba picha na ubani vilitupwa nje barabarani, na kwamba mwaka ule haukwisha kabla mzee hajafunga duka na kuhama. Tutarudi kwake mwishoni.

Kwanza tueleze mantra ni nini. Mwanafunzi asichanganye Uhindi na Uhindu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, naye aweza kuwa Mwislamu, Mkristo, Singasinga au mfuasi wa dini nyingine. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Waswahili wa kale walimwita mfanyabiashara wa Kihindu Baniani, jina litokanalo na tabaka la wachuuzi wa Gujarati. Neno mantra ni la Kisanskriti. Shina lake lina maana ya kufikiri, na kiishio chake huonyesha chombo. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba mantra ni chombo cha fikra, kama jembe lilivyo chombo cha kulimia.

Mantra huwa fupi. Nyingine ni silabi moja tu, nyingine ni jina la Mungu, nyingine ni sentensi moja ya sala. Nguvu yake haipatikani kwa kuisema mara moja, bali kwa kuirudia, na kurudia huko huitwa japa. Mwenye kufanya japa hutumia mala, yaani ushanga wa punje 108. Wale wanaomwabudu Vishnu, ambaye Krishna na Rama ni maumbile yake, hupenda punje za mti wa tulasi, mmea wa jamii moja na mrehani. Wale wanaomwabudu Shiva hutumia mbegu za mti uitwao rudraksha. Shanga husogezwa kwa kidole gumba na kidole cha kati. Mwishoni kuna punje moja kubwa isiyohesabiwa wala kuvukwa: mkono ukiifikia, mala hugeuzwa na hesabu huanza upya kurudi ilikotoka.

Walimu wa Kihindu hutaja namna tatu za kutamka. Ya kwanza ni kwa sauti, mtu akasikiwa na walio karibu. Ya pili ni kwa kunong'ona, midomo ikicheza tu. Ya tatu ni moyoni, bila ulimi kusogea. Hiyo ya tatu huhesabiwa kuwa ya juu kuliko zote, kwa kuwa fikra haina mahali pa kujificha. Ulimi waweza kusema huku mawazo yako sokoni, lakini moyo hauwezi kusema neno na kuwa mahali pengine. Aidha, mantra nyingi hazichukuliwi hivihivi. Hupokewa kwa mwalimu, aitwaye guru, naye huinong'ona sikioni mwa mwanafunzi kama mtu akabidhiye amana.

Mabaniani wengi mashuhuri wa Unguja katika karne ya 19 walikuwa watu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, na Mabhatia walifuata mafundisho ya Vallabhacharya, mwanazuoni aliyezaliwa mwaka 1479 na kufariki mwaka 1531. Mantra inayorudiwa na wafuasi wake ina silabi nane, na maana yake ni kukiri kwamba Krishna ndiye kimbilio la mwenye kuitamka. Haiombi mali, wala afya, wala ushindi. Ni kukiri tu. Mantra nyingine maarufu ni Gayatri, itokayo katika Rigveda, maandiko ya kale kabisa ya Kihindu. Hiyo husomwa hasa jua linapochomoza na linapokuchwa, nayo humwelekea Mungu kwa jina la jua, ikimwomba aangaze akili ya mwanadamu. Ina vipande vitatu vya silabi nane nane, jumla 24.

Sisi tulio watunzi wa mashairi hatuwezi kuipita hesabu hiyo bila kusimama. Mshororo wa utenzi wa Kiswahili una mizani nane. Mshororo wa shairi una mizani nane katika ukwapi na nane katika utao. Hatusemi hata kidogo kwamba huyu alijifunza kwa yule, kwani kufanana si kuzaliwa pamoja. Twasema tu kwamba mizani nane yaonekana kutosha pumzi moja ya mwanadamu, awe Kutch au Pate, na kwamba neno lililokusudiwa kukaa moyoni hupimwa kwa pumzi.

Sasa tuje kwenye historia. Mabaniani walifika pwani yetu kwa majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi. Katika karne ya 19, kampuni ya Jairam Shivji ya Kutch ilikodi forodha ya Sultani wa Unguja kwa miongo mingi: ilimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kila mwaka, nayo ikakusanya ushuru. Msimamizi wake aliyejulikana sana na wageni wa wakati huo alikuwa Ladha Damji. Mfanyabiashara aliyetaka kwenda bara alikopa kwao nguo za merikani na kaniki, ushanga na nyaya za shaba, akaahidi kulipa kwa pembe za ndovu atakaporudi. Hivyo karibu kila msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ulikuwa na deni lililoandikwa Unguja kwa maandishi ya Kigujarati.

Hata hivyo, Mabaniani wenyewe kwa kawaida hawakwenda bara. Sheria za dini yao ziliwabana. Kuvuka bahari kwenyewe kulihesabiwa kuwa kunatia unajisi, na wengi waliacha wake zao India. Walikula chakula kilichopikwa na watu wa jamii yao tu, bila nyama. Safari ya miezi mingi porini, kwa maji ya visima vya wengine na vyungu vya wengine, ingewavunjia miiko yote. Mhindi aliyejulikana sana Unyanyembe katika miaka ya 1850 alikuwa Musa Mzuri, naye alikuwa Mwislamu. Burton alipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, alikuta jamii ya wafanyabiashara wa Kiarabu imekwisha kujenga matembe yake. Mwaka uliofuata Speke alitoka hapo Kazeh tarehe 9 Julai, akapita nchi ya kaskazini mwa Unyamwezi, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa Nyanza. Kwa hiyo nguo ya Baniani ilifika kwetu kabla ya Baniani, na deni lake lilifika kabla ya sala yake.

Hapa hatuna budi kusema ukweli, kwani historia isiyosema ukweli haifai kufundishwa. Mkopo ulionunua pembe ulinunua watumwa pia. Baadhi ya Wahindi wa Unguja, Wahindu kwa Waislamu, walimiliki watumwa wenyewe, hata mwaka 1860 balozi wa Kiingereza Rigby akawalazimisha, kwa kuwa aliwahesabu raia wa Uingereza, kuwaachilia maelfu. Mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao Unguja ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873. Kabla ya hapo, mkono uliosogeza shanga 108 alfajiri ndio uliofungua daftari la hesabu saa moja baadaye. Je, mantra ile ilikuwa unafiki?

Swali hili haliwahusu Mabaniani peke yao. Waarabu na Waswahili wa misafara walisali sala tano njiani. Watemi wetu wenyewe, waliotambika kwa mizimu ya mababu zao, walitoza hongo na kuuza mateka. Dini haikumzuia yeyote kati yao kwa sababu tu alikuwa na dini. Lakini vilevile si haki kusema kwamba sala ni uongo kwa kuwa msemaji wake ana dhambi. Mtu asiye na dhambi angehitaji kimbilio gani? Jambo la haki ni kuyaandika yote mawili katika ukurasa mmoja, daftari na ushanga, na kumwachia mwanafunzi apime.

Tena kulikuwa na sauti nyingine katika njia ile ile. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 30, mbali na mkeka, sufuria na posho yao wenyewe. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye kuongoza njia, na nyuma yake nyimbo za kuitikizana. Mmoja alitoa neno, wengi wakalipokea, hatua ikafuata neno. Aliyewahi kubeba gunia la mpunga kutoka shambani anajua siri hii: neno likirudiwa, bega husahau. Mpagazi hakuita wimbo wake mantra, wala haikuwa sala. Lakini alijua kwa mwili wake jambo ambalo guru hulifundisha kwa kitabu, kwamba kurudia si kupoteza maneno, bali ni kuubeba mzigo ambao kwa kimya ungekushinda.

Kwa njia hiyohiyo ilipita dhikiri. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909, aliieneza tarika ya Kadiria katika Unguja na pwani, na kutoka pwani makhalifa wakaifikisha bara. Katika halaka ya Kadiria wafuasi husimama au kuketi pamoja, wakalitaja jina la Mwenyezi Mungu kwa pumzi na mwendo mmoja. Uradi wao hupokewa kwa idhini ya sheikh, na tasbihi yao ina punje 99, au 33 zinazozungushwa mara tatu. Bagamoyo, kiongozi mkubwa wa tarika hiyo alikuwa Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Alizaliwa upande wa Kongo, akaletwa pwani angali mtoto, akiwa mtumwa. Mtoto yule aliyeletwa kama mali akawa mwalimu ambaye waungwana waliketi miguuni pake kupokea uradi. Katika halaka, jina la Mungu halikuuliza nani mtumwa na nani bwana. Nadhani walimu wetu wangefanya vema kuisimulia habari hii kila wanapofundisha somo la misafara.

Mapadre Weupe nao waliifuata njia ya Tabora kuanzia mwaka 1878, nao walikuja na rozari, ambayo ni ushanga mwingine wa kurudia maneno. Na kabla ya wote hao, wenyeji walikuwa na sala zao. Mnyamwezi wa kale alimwita Mungu kwa majina kadhaa: Likube, Limatunda yaani Muumba, Liwelelo yaani ulimwengu wote, na Limi, yaani jua. Msomaji akumbuke Gayatri, sala ya macheo. Baniani aliyeketi Nzega akielekea jua kwa lugha ya Kisanskriti alikuwa, bila kujua, katika nchi ambayo wazee wake walimwita Mungu kwa jina la jua hilo hilo.

Tusiteleze hapa. Mwislamu hakubali kwamba Mungu huchukua umbo la mwanadamu. Mhindu wa Krishna huona hilo kuwa rehema kubwa. Mkristo ana imani yake juu ya umbo hilo, na Mnyamwezi wa mizimu hupitia kwa wahenga wake. Tofauti hizi ni za kweli, na wenye imani zao hawatatushukuru tukizikoroga katika chungu kimoja. Tunachosema ni kidogo zaidi: kwamba watu wa imani mbalimbali, katika njia moja, waliona haja ya kulishika jina na kulirudia, na kwamba ajuaye hivyo hawezi tena kumcheka jirani anayesogeza shanga.

Wahindu walikuja kukaa Tabora kwa wingi baada ya reli ya kati kufika mwaka 1912. Safari ya miezi mitatu na zaidi ikawa ya siku chache. Wake na watoto wakaja, jiko likaja, na mantra ikapata nyumba. Katika siku hizo pia ilikuwapo jumuiya ya Arya Samaj, iliyoanzishwa Bombay mwaka 1875 na Dayananda Saraswati na kufika Nairobi mwaka 1903. Jumuiya hiyo ilifundisha kwamba Gayatri, ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume wa matabaka ya juu tu, ni haki ya kila mtu, wanawake na watu wa matabaka ya chini pia. Kutoka mijini maduka yakasambaa hadi Nzega na vituo vidogo vya njiani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na sheria ya mwaka 1971 iliyotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, Wahindi wengi waliondoka nchini. Waliobaki walibaki kwa kuwa hapa ndipo kwao.

Mzee wetu wa Nzega alikuwa miongoni mwa waliobaki. Katika miaka ya 1990, tukiwa tumekwisha kuajiriwa serikalini, tulimkuta Tabora mjini, amekwisha kuzeeka, akikaa kwa mwanawe. Tulimwamkia shikamoo. Tulimweleza sisi ni wajukuu wa nani, naye akamkumbuka bibi kwa kaniki zake. Ndipo tukapata ujasiri wa kumwambia yale tuliyoyasema mwaka 1983. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwa Kiswahili cha Unyamwezi kisicho na kasoro:

"Mjukuu wangu, ni kweli nilikuwa nahesabu. Nilihesabu mia moja na nane kabla sijafungua, kwa sababu nikishafungua duka nahesabu senti mpaka usiku, na Jina nalisahau. Wewe ulidhani nahesabu mali. Mimi niliogopa hivyo hivyo."

Tulimwomba radhi. Akatuambia tuketi, chai inakuja.

Tangu siku hiyo hatuwezi kuisikia methali ya Baniani bila kuona picha na ubani vikitupwa barabarani. Hatushauri methali hiyo ifutwe, kwani methali ni ushahidi wa jinsi watu walivyoonana. Twashauri mwalimu anayeifundisha aongeze swali moja, awatume wanafunzi kwa wazee wa mji wao, Wahindu, Waislamu, Wakristo na wa mizimu, wakaulize kila mmoja: Neno gani hulirudia kabla ya kuanza kazi, na nani alikufundisha? Majibu yaandikwe na kuhifadhiwa katika maktaba ya shule. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na maneno yanayonong'onwa hayaachi nyayo njiani. Bibi yetu wa Lusu hakusoma kitabu hata kimoja, lakini alijua kungoja mlangoni mpaka mtu amalize kuongea na wakubwa zake. Ni adabu hiyo tunayowaombea wanafunzi wetu.